Siku Moja Maishani Mwangu: Depo ya Vichwa vya Treni Juu ya Mbao Nne

Saa 11 alfajiri

Mbao nne za depo yetu zimelala garini tangu jana usiku. Ni depo ya treni ndogo za mfano, yaani mahali vichwa vya treni vinapolazwa na kuhudumiwa, na leo tunaipeleka kwenye maonyesho. Tumezifunga mbili mbili, uso kwa uso, tukaweka vipande vya plaiwudi pembeni ili mapaa na mabomba ya maji yasiguse chochote. Kila ubao una urefu wa sentimeta 120 na upana wa 60. Vipimo hivyo vilitokana na mlango wa gari: tuliupima kabla hatujakata kitu, na kama kuna ushauri ninaoutoa bila kuulizwa ni huo. Nimeona kazi nzuri sana za watu ambazo haziwezi kutoka kwenye chumba zilimojengwa.

Vichwa vya treni ni mzigo wangu. Kila kimoja kina sanduku lake lenye sponji, na masanduku yote yako miguuni pangu kwa sababu sitaki kusikia kitu kikigongana nyuma gari likipita kwenye matuta.

Tuko wanne, na kila mtu anajulikana kwa kazi yake. Mzee wa waya ndiye aliyefunga umeme wote na hapendi mkono wa mwingine uingie chini ya mbao. Dada wa mandhari hutengeneza udongo, kutu, masizi na kuta zilizochakaa. Kijana wa gia hufungua vichwa vya treni, huvisafisha na kuvitia mafuta kwa ncha ya sindano. Mimi ni dereva na mwandishi wa ratiba, cheo ambacho wenzangu wanadai nilijipa mwenyewe.

Saa 12 asubuhi

Ukumbi wa maonyesho bado una giza upande mmoja. Tunaanza na miguu. Sakafu yoyote unayoiona iko sawa haiko sawa, kwa hiyo kila mguu una bolti chini ya kuuinua au kuushusha, na pimamaji hutembea juu ya mbao mpaka mzee aridhike. Kichwa cha treni hakiwezi kuteleza chenyewe, maana gia yake inayoshika mota hukizuia. Behewa la makaa halina kizuizi hicho. Liache kwenye mteremko usioonekana kwa macho, nalo litakwenda zake katikati ya umati.

Kisha mbao zinaunganishwa. Ubao mmoja una pini za shaba zinazoingia kwenye matundu ya mwenzake, na bolti huja baadaye kubana tu. Pini ndizo zinazopanga reli. Nusu milimita ya tofauti kwenye kiungo inatosha kuangusha gurudumu. Ndiyo maana mwisho wa kila reli, pale ubao unapokatika, umepigwa solda juu ya kichwa cha skrubu ya shaba iliyozamishwa kwenye plaiwudi.

Wakati wenzangu wanachomeka nyaya, nieleze kwa nini tulichagua depo. Tunajenga kwa kipimo cha 1:87, kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko halisi, reli zikiwa na nafasi ya milimita 16.5 kati yake, ambayo ni reli ya kawaida ya milimita 1,435 iliyopunguzwa. Kwa kipimo hicho kilomita moja ni mita 11.5. Treni ya mabehewa 10 yenye urefu wa mita 26 kila moja ingekula mita 3 peke yake, na bado hujaweka stesheni wala kona. Kuna wanaoweza: Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001, imejaza ghorofa kwa kipimo hiki hiki. Sisi tuna gari moja. Kichwa cha treni cha mita 20 ni sentimeta 23 tu, na depo ni mahali ambapo vichwa vingi vinakaa pamoja bila mabehewa ya abiria nyuma yake. Ni namna halali ya kuweka kila unachokipenda kwenye nafasi ndogo.

Lakini depo ina kasoro yake, na tuliibishania kwa muda mrefu kabla hatujachora chochote. Mtazamaji anakuja kuona treni ikienda. Depo ni mahali zinaposimama.

Saa 2 asubuhi

Usafi. Alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa cha pamba, reli zote, kisha magurudumu yote. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo ambayo uchafu hujificha ndani yake, ukajikuta unasugua kila baada ya muda mfupi. Reli zenyewe ni aloi ya shaba, zinki na nikeli, na umeme wote unaoendesha kichwa cha treni hupita pale padogo gurudumu linapogusa chuma. Treni kubwa inayokimbia huruka juu ya vumbi bila wewe kujua. Kwenye depo kila kitu kinakwenda polepole, kwa hiyo chembe moja ya gundi inaonekana na ukumbi mzima.

Tunatumia udhibiti wa kidijitali. Umeme uko kwenye reli muda wote, na amri husafiri ndani ya umeme huo huo; kila kichwa kina dikoda, saketi ndogo inayosikiliza namba yake tu. Kanuni zake zilitoka kwa chama cha wajenzi wa Marekani, NMRA, miaka ya 1990, kwa msingi wa kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na ndiyo maana dikoda ya mtengenezaji mmoja inaelewa mashine ya kutoa amri ya mwingine. Dikoda mpya hutoka kiwandani na namba 3. Kijana wa gia ana daftari la namba, na hakuna kichwa kinachogusa reli zetu kabla hakijaandikwa humo. Vichwa viwili vyenye namba 3 vinaondoka pamoja, na depo si mahali pa kuondoka pamoja.

Saa 3 asubuhi

Milango inafunguliwa, na hapa ndipo jibu letu kwa ile kasoro linapojaribiwa. Mzee alitaka njia kuu ipite nyuma ya depo, treni zizunguke tu ili watu wasichoke. Nilipinga, na bado napinga. Treni inayozunguka nyuma ingewafundisha watu kutoitazama depo. Depo haina safari ya kuonyesha. Ina kazi, na kazi ikipangwa vizuri mtu husimama kuona nini kinafuata.

Kwa hiyo ratiba yangu inafuata kile ambacho depo ya mvuke ilifanya kweli. Kichwa kinaingia kutoka yadi iliyofichwa nyuma ya ukuta, kimechoka, kikitazama upande usiofaa. Kinapita kwenye jukwaa la makaa. Kinasogea hadi shimo la majivu, ambapo moto ulisafishwa na majivu kuondolewa chini. Kinachukua maji. Kinapanda meza ya kugeuzia, kipande cha reli kinachozunguka, kinageuzwa, ndipo kinaingia bandani. Utaratibu ulitofautiana depo hadi depo, ila huwezi kuuvuruga ovyo: bandani kichwa lazima kisimame bomba la moshi likiwa chini ya tundu la paa, na moto ukishatolewa, kuupandisha mvuke upya kutoka baridi huchukua saa nyingi. Wakati hicho kinahudumiwa, kingine kinatoka, na kwenye njia moja nyembamba ya kuingilia lazima mmoja asubiri. Kusubiri huko ndiko watu wanakokutazama zaidi. Mtoto mmoja asubuhi hii ameanza kutabiri kwa sauti nani atapita kwanza, na akawa anapatia.

Kasi ni suala la nidhamu. Ndani ya depo tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa. Ukiigawa kwa 87 unapata sentimeta 1.6 kwa sekunde, yaani kichwa kinachukua zaidi kidogo ya dakika 1 kuvuka mita moja. Mkono unawasha kuongeza. Madereva wa kuazima, wale marafiki wanaokuja kutusaidia zamu, ndio wanaopata shida. Nao huzoea mzee akianza kutembea kando ya ubao kwa hatua za vidole viwili kuwaonyesha.

Saa 5 asubuhi

Maswali. Makaa ni ya nini? Ni makaa ya mawe halisi, yamepondwa na kuchekechwa. Kokoto zinashikwa na nini? Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, maana bila sabuni tone linakaa juu ya kokoto na kuzivuta badala ya kupenya. Nani alitengeneza watu? Sentimeta 2 kila mmoja, tulinunua, dada akawapaka rangi upya.

Kichwa chetu chenye spika tunakiwasha kidogo kidogo. Sauti ya mvuke inapendeza kwa anayepita. Majirani zetu wa meza ya pili wanaisikia kutwa nzima, na ni watu wazuri.

Saa 7 mchana

Kila kitu kimezimika. Shoti. Mashine inakata umeme, inajaribu tena, inakata.

Meza ya kugeuzia ndiyo mtuhumiwa wa kwanza siku zote. Reli mbili za depo zimeungwa kwenye pande mbili tofauti za umeme. Ukiigeuza meza nusu mzunguko, reli ya kulia inakutana na ya kushoto. Yetu ina pete ya shaba iliyokatwa vipande viwili chini yake, inayobadilisha pande hizo katikati ya mzunguko ili zisikutane. Mzee akachomoa waya wa meza. Shoti bado ipo. Tukatoa vichwa vyote vilivyokuwa kwenye reli, kwa kuwa hata gurudumu lililokaa vibaya kwenye makutano ya reli linatosha. Bado ipo.

Hapo akafanya jambo ninalolipenda kwake. Hakuingia chini na tochi kutafuta. Alichomoa plagi kati ya ubao wa pili na wa tatu. Nusu ya kushoto ikawaka. Akarudisha, akachomoa kati ya wa tatu na wa nne. Shoti bado ipo. Ubao wa tatu, basi. Ndani ya ubao huo akafungua waya mmoja baada ya mwingine kwenye kiungio cha skrubu, kipima umeme kikilia, mpaka kikanyamaza: waya wa njia ya jukwaa la makaa ulikuwa umelegea safarini na nyuzi zake mbili zimegusa jirani. Watazamaji hawakuondoka. Wengine waliinama pamoja naye, na baba mmoja akashika tochi. Nyaya zetu ni za rangi mbili tu kwa reli, nyekundu na nyeusi, na kila moja ina lebo. Mwanzoni niliona lebo ni mbwembwe.

Tunakula kwa zamu, harakaharaka, migongo ikiwa kwenye depo.

Saa 8 mchana

Mzee mmoja amesimama kwenye kona ya shimo la majivu bila kuuliza kitu. Alipozungumza ilionekana alifanya kazi kwenye depo ya mvuke ujanani. Dada akamsogelea. "Mzee, shikamoo. Niambie ukweli, ni chafu vya kutosha?"

"Marahaba, mwanangu. Pale penye bomba la maji mmepatia. Palikuwa palowevu siku zote." Akatazama tena. "Ila vyuma vya kuchokolea moto viko wapi? Vilikuwa virefu, vimeegemezwa kila mahali. Ukitembea usiku bila kuangalia vinakupiga."

Hakuna aliyevifikiria. Dada ana picha nyingi za zamani za depo, na ukizitazama sasa vimo, vimeegemea ukuta, tumekuwa tukidhani ni mabomba. Chuma cha mita 3 ni sentimeta 3.4 kwa kipimo chetu. Akakata waya mwembamba wa shaba, akaupinda ncha kwa koleo ndogo, akaupaka rangi nyeusi na unga wa kutu pale pale kando ya meza, mzee akimwelekeza ipi iwe na ndoana na ipi iwe bapa kama jembe. Kabla hajaondoka viwili vilishaegemea ukutani na kimoja kimelala chini. Alipiga picha hicho cha chini.

Saa 11 jioni

Tangazo la kufunga. Vichwa vinaondoka kwanza, kila kimoja sandukuni kwake, kijana akihesabu kwa daftari. Kisha majengo yanayong'oka, plagi, bolti, miguu. Kubomoa ni kwa haraka kuliko kujenga, na uharibifu mwingi wa maonyesho hutokea saa hii kwa sababu watu wamechoka, hivyo mzee hukataza mtu yeyote kubeba ubao peke yake.

Saa 1 usiku

Tumeegesha gari na daftari la kasoro liko juu ya boneti. Viungio vyote vya skrubu vya ubao wa tatu vikazwe na nyuzi zivishwe vifuniko vya chuma. Kichwa cha namba 27 kinasita kikirudi nyuma. Kijana anashuku kibamba kinachochukua umeme kwenye gurudumu la tatu. Vyuma vya moto viongezwe, virefu na vifupi. Mzee wa waya akaongeza mstari wake chini kabisa: njia kuu nyuma ya depo. Nimeuacha, ila nimeandika pembeni kwamba kwanza alete mchoro unaoonyesha itaingiaje kwenye sentimeta 60.