Nilivyoyazoea maswali ya Kifaransa mapokezini

Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Kampala. Wageni wa Goma, Bukavu au Beni tunaelewana vizuri, Kiswahili ni chetu sote. Akija mtu wa Kinshasa, yeye ana Kilingala na Kifaransa, nami shuleni nilisomeshwa kwa Kiingereza.

Kitabu nilichopata kilieleza Kifaransa kwa Kiingereza. Maneno ya kuulizia niliyakariri upesi: qui ni nani, quoi ni nini, où ni wapi, quand ni lini, pourquoi ni kwa nini, combien ni ngapi. Kuyanasa mtu anapoongea ndiyo ilikuwa kazi. Kiingereza hutanguliza neno la kuulizia, lakini Kifaransa cha mazungumzo mara nyingi hulipeleka mwisho. C'est combien? Vous partez quand? Huo ni mpangilio wetu kabisa: Ni shilingi ngapi? Mnaondoka lini? Tangu nilipolinganisha na Kiswahili badala ya Kiingereza, masikio yalifunguka.

Hata est-ce que, inayotamkwa "eske", ikianza sentensi ni "je" yetu. Est-ce que vous avez une chambre? Je, mna chumba? Hapo jibu ni oui au non. Qu'est-ce que c'est, yaani "hiki ni nini", niliishika nzima kwa sauti yake, "keskesé", bila kuichambua.

Saa zinataka uangalifu. Mama mmoja aliyekuja kununua vitenge aliniuliza, ufunguo mkononi: "Le petit déjeuner, c'est à quelle heure?" Nikanasa quelle heure, saa ngapi. Chai ya asubuhi kwetu ni saa moja, nikamjibu sept heures, maana Wafaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane, sawa na Waingereza. Akaitikia, "Merci, papa," akapanda ngazi.

Bei nayo ina lake. Kitabu kiliandika soixante-dix kwa 70 na quatre-vingt-dix kwa 90. Wakongo husema septante na nonante, kama Wabelgiji waliowatawala, na kwangu ni rahisi zaidi. Chumba cha shilingi 70,000 ni septante mille, basi.

Kwenye simu watu huongea mbio. Hapo natanguliza bonjour, maana kuuliza bila salamu ni utovu wa adabu kwao kama kwetu, kisha naomba: Plus lentement, s'il vous plaît. Wengi hupunguza mwendo, na wengine huniulizia tena kwa maneno mepesi.