Mita 28 chini ya ziwa: kusaka mwinuko sahihi katika picha za droni

Picha tulizopiga kwa droni juu ya mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, zilikuwa safi kabisa. Mapaa ya mabati yalionekana hadi misumari yake, magunia ya dagaa ungeweza kuyahesabu, na mitumbwi ilikuwa imelala ubavu kwa ubavu kando ya maji. Kilichokataa kukaa sawa ni mwinuko, na kazi yenyewe ilikuwa ya mwinuko: viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, walitaka kujua maji yatafika wapi ziwa likipanda tena kama lilivyopanda mwaka 2020.

Nilifungua picha moja kwa ExifTool, programu ya kusoma na kuhariri metadata, yaani taarifa zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha, kabla ya kuilaumu programu ya kuunganisha picha. GPSAltitude ilisema 1187.42, AbsoluteAltitude ikarudia namba hiyohiyo, na RelativeAltitude ikasema +80.10. Hizi za mwisho mbili zinapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu ya kwanza inadai kuhesabu kutoka usawa wa bahari na ya pili inahesabu kutoka mahali droni iliporukia. Ukitoa ya pili katika ya kwanza, unapata mahali ambapo droni yenyewe inaamini iliruka. Jibu lilikuwa 1107.32. Uso wa Ziwa Viktoria kwa desturi hutajwa kuwa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miaka hii ya maji mengi ni zaidi kidogo ya hapo. Kwa hesabu hiyo, droni iliyoondoka juu ya jiwe kavu mbele ya macho yangu ilikuwa imeruka kutoka takriban mita 28 chini ya maji.

Kabla ya hapo nilikuwa tayari kuamini kwamba satelaiti hazikuonekana vizuri, kwa kuwa GPS kwa kawaida hukosea zaidi wima kuliko mlalo. Hata hivyo, kosa la satelaiti hutangatanga, ilhali tofauti ile ilibaki ileile karibu katika picha zote za mruko mmoja. Hilo lilinielekeza kwenye baromita. Droni ya aina tuliyotumia haiandiki mwinuko wa satelaiti katika picha. Hupima mgandamizo wa hewa, kisha huugeuza kuwa mita kwa kufuata angahewa ya kawaida, ile inayochukulia kwamba usawa wa bahari una hektopaskali 1013.25 kila siku na kila mahali. Mwanza haifuati jedwali hilo. Mgandamizo wa asubuhi huku kwetu huwa juu kuliko jedwali linavyotarajia kwa kimo hiki, na kwa kuwa hektopaskali moja hapa ni sawa na mita tisa au zaidi, ziada ya hektopaskali tatu tu inatosha kuizamisha droni.

Mruko wa alasiri ndio uliothibitisha jambo hilo, na kwa namna ya kulaghai. Katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kwa mpangilio usiobadilika sana: hufikia kilele karibu saa nne asubuhi na kushuka hadi chini karibu saa kumi alasiri. Picha za saa kumi, zilizopigwa kutoka juu ya jiwe lilelile, zilinipa mahali pa kurukia penye mita 1,131. Mtu ambaye angeruka alasiri peke yake angetazama namba hiyo, angeona inakaribia ukweli, na angeendelea na kazi yake bila wasiwasi wowote. Nami nilipojaribu kuunganisha picha za asubuhi na za alasiri katika mradi mmoja, soko likatokea mara mbili, moja likielea juu ya lingine.

RelativeAltitude ina sifa nzuri zaidi, na inaistahili, kwa kuwa kosa kubwa la mgandamizo hujifuta lenyewe pale droni inapoanza kuhesabu kutoka sifuri. Lakini nayo si safi. Angahewa ya kawaida hudhani kwamba kwenye kimo cha Mwanza hewa ina nyuzi 8 hivi za Selsiasi, wakati mchana wetu huwa karibu na 27. Hewa yenye joto imetanuka, kwa hiyo mgandamizo hupungua polepole zaidi unapopanda, na chombo kisichorekebishwa kwa joto hupunja kimo kwa takriban asilimia 7. Mita 80 za kwenye skrini zinaweza kuwa karibu 86 angani. Nilitandaza turubai la mita 10 chini, nikahesabu pikseli zake katika picha, na kweli lilionekana dogo kuliko ambavyo mita 80 zingelionesha.

Katika mji wa mawe kama huu kuna mtego mwingine ambao watu wa tambarare hawaujui. Ukirushia droni kutoka kwenye mwamba wa Bwiru kisha ukaipeleka ufukweni, RelativeAltitude itaendelea kuhesabu kutoka kwenye mwamba, wala haitajua kwamba ardhi imeporomoka chini yake. Ikishuka chini ya mahali iliporukia, namba hiyo huwa hasi. Na pale namba hasi inapoandikwa katika GPSAltitude, mpangilio wa EXIF, ule wa taarifa za picha, hauweki alama ya kutoa ndani yake bali katika lebo jirani, GPSAltitudeRef, ambayo baadhi ya programu hazijishughulishi kuisoma.

Dawa niliyoona inafaa ni kuacha kabisa mwinuko ulioandikwa na droni na kuipa picha mwinuko uliotoka ardhini. Mpima ardhi mmoja alikuja na kipokezi chake cha RTK, kifaa cha satelaiti kinachopima kwa usahihi wa sentimita, akapima jiwe la kurukia pamoja na alama tulizopaka rangi sokoni. Hata hapo palihitaji uangalifu, kwa sababu kipokezi hicho hupima kutoka kwenye duaradufu ya dunia, umbo laini la kihesabu, si kutoka usawa wa bahari, na katika eneo letu namba ya duaradufu huwa ndogo kwa zaidi ya mita 10. Asiyetumia geoidi, yaani modeli ya usawa wa bahari wa dunia nzima, mathalani EGM96, kuibadilisha namba hiyo atakuwa ameondoa kosa la hewa na kuweka la hesabu. Baada ya hapo amri moja ya ExifTool ilichukua RelativeAltitude ya kila picha, ikairekebisha kwa joto, ikajumlisha mwinuko wa jiwe na kuandika matokeo katika GPSAltitude ya nakala. Picha asilia sikuzigusa, na sishauri mtu aziguse.

Nilitaka shahidi asiyehusiana na vifaa vyangu. Mzee mmoja anayelinda mitumbwi alinipeleka kwenye ukuta wenye ukungu wa rangi ya kahawia, akaweka kiganja chake juu ya mstari na kusema, "Mwanangu, maji ya mwaka ule yaliishia hapa, nami nililala kwenye mtumbwi." Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kilifikia mita 13.42, juu kidogo ya 13.41 ya mwaka 1964. Kipimo hicho nacho huhesabu kutoka kwenye sifuri yake, iliyo takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, hivyo ziwa lilikuwa limefika mita 1,136 na ushei. Nilitafuta mstari wa mzee katika modeli iliyorekebishwa, na tofauti haikufika nusu mita.

Ramani niliyowakabidhi viongozi wa BMU inaonesha mstari huo wa 2020 kwa rangi ya bluu, na pembeni imeandikwa kwamba mwinuko wote umehesabiwa juu ya usawa wa bahari kwa EGM96, kutoka kwenye alama zilizopimwa ardhini. Mwenyekiti aliuliza kwanza vyoo vipya viko upande gani wa mstari. Viko upande wa maji.