Siku yangu moja na samaki wanaolea, Kigoma

Saa 12 asubuhi nishafika kazini, huku Kigoma kwenye matangi ya samaki wa mapambo, pembeni kabisa ya Ziwa Tanganyika. Kabla sijalisha chochote napita tangi moja moja naangalia nani anakaa wapi na nani hajatoka pangoni. Taa siwashi zote kwa mpigo, mzazi mwenye mayai akishtuka ghafla anaweza akayala, kwa hiyo nafungua madirisha kwanza mwanga uingie polepole afu taa baadae. Joto napima, kwenye nyuzi 25 au 26 ndo poa, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, tunataka iwe karibu na 9, maji yenyewe tunavuta ziwani kwa hiyo hapo hatuhangaiki.

Saa 1 nipo kwa brichardi, yaani Neolamprologus brichardi, na hapa nikikaa sitoki. Dume na jike wametaga ndani ya pango la mawe, mlangoni wamejipanga vijana wao wa mizao iliyopita wanalinda. Ndio, watoto wakubwa wanalea wadogo zao! Wanapepea mayai kwa mapezi, wanayasafisha kwa mdomo yasiote ukungu, wanachota mchanga kwa mdomo wanaenda kuutema mbali ili pango lisizibe, na mgeni akisogea wanamtoa mbio. Ukiingiza mkono kufuta kioo kuna kijana mdogo kuliko kidole chako anakuja kukugonga na harudi nyuma. Ni kama kwetu tu, mama akienda shamba mtoto anabaki mgongoni kwa dada yake. Mtafiti mmoja, Michael Taborsky, alichapisha utafiti kuhusu hawa wasaidizi mwaka 1984, na watafiti wengine wamezamia sana kule Mpulungu upande wa Zambia kuwaangalia ndugu zao, pulcher, wakakuta hawa vijana hawakai bure, ulinzi na usafi ni kama kodi ya kukaa pale kwa wakubwa, anayezembea anaweza kushambuliwa.

Saa 3 tunalisha. Dogo mmoja tunafanya nae kazi, hana muda mrefu, akaniuliza, "Dada, hivi vifaranga si tuvihamishe tangi lao wasije wakaliwa?" Nikamwambia mdogo wangu, ataliwa na nani wakati ukoo mzima umesimama mlangoni? Afu kuna kingine, utafiti wa 2010 ulionyesha vifaranga vya pulcher vilivyokua pamoja na wakubwa vinajua zaidi kuishi na wenzao, ugomvi ukitokea vinajua kujishusha. Ukivitenga unapata samaki, sawa, lakini vimekosa malezi, na mi naamini mnunuzi anastahili samaki aliyelelewa.

Saa 5 zamu ya Tropheus duboisi wa Maswa, wale ambao wakiwa wadogo ni weusi wenye vidoa vyeupe, wanapendwa balaa. Huyu mama halei pangoni, analea mdomoni, mayai machache tu lakini makubwa, anakaa nayo kama wiki nne. Utamjua kwa koo lilivyovimba na anavyotafuna hewa taratibu. Wengi wanadhani anafunga mda wote, kumbe ndugu yake Tropheus moorii ameonekana akila mwani huku kabeba, chakula kinawafikia watoto mlemle mdomoni. Ndo maana sipendi kabisa tabia ya kumkamata mama mapema na kumfungua mdomo ili vifaranga vitoke haraka viuzwe. Mwache amalize! Mi ninachofanya ni kupunguza purukushani tu, wenye fujo nawahamisha wao, yeye simgusi.

Saa 7 ugali na dagaa. Wavuvi waliokaa kivulini wakaanza kumsifia kuhe, samaki wa familia ileile ya perege ila anazidi sentimita 60, na yeye baba na mama wanasimama pamoja juu ya watoto maelfu. Tangini humuwezi, anataka ziwa.

Mchana kulikuwa na kufunga mzigo, mifuko, oksijeni, maboksi, hapo hamna cha kusimulia. Ila wale samaki wanaoishi kwenye magamba ya konokono, multifasciatus, wana kazi yao, ukimfuata na neti anazama kwenye gamba na vifaranga vyake vinazama nyuma yake, kwa hiyo unanyanyua gamba zima taratibu kabla hujamtenga nani anaenda na nani anabaki.

Saa 10 dogo akaja amebeba gogogo wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, anatafuta nafasi kwa duboisi. Nikamzuia palepale. Yule anapenyeza mayai yake wakati mama anataga, mama anayaokota pamoja na yake, ya gogogo yanaanguliwa mapema afu vifaranga vyake vinakula watoto wa mwenye mdomo, humohumo ndani. Mama analinda kwa nguvu zote vinavyommalizia wanae! Dogo alinyamaza, akampeleka tangi la peke yake.

Saa 11 mzee akaleta oda, mteja anataka brichardi wengi, wakubwa wakubwa. Nikamwomba tusichote wote kwenye kundi moja, tuchukue wachache wachache kila tangi, maana pale mlangoni lazima wabaki wa kulinda mpaka hawa wadogo waanze kujitegemea. Akafikiria, akasema sawa, mteja ataambiwa asubiri.