Kidonge cha 26

Leo Jumapili nimemeza kidonge cha mwisho. Miezi sita yote hii, kila Jumapili baada ya chakula cha usiku nameza kimoja, kisha nachora mstari kwenye kalenda ya ukutani. Binti yangu wa miaka 9 aliwahi kuniuliza mistari ile ni ya nini. Nikamwambia ni dawa ya mama. Akikua nitamweleza yote, maana mimi sikuelezwa na mtu, na miaka miwili ikapotea.

Niandike wazi. Nilikuwa na fangasi ukeni waliokuwa wakirudi kila mara. Muwasho wa kukosesha usingizi, uchafu mweupe mzito kama mtindi uliokatika, ngozi imevimba na kuchanika, mkojo ukipita pale nauma meno. Hayo maumivu ya mkojo ndiyo yaliyonipoteza. Huku kwetu Mwanga, Kigoma mjini, ukisema mkojo unauma jibu liko tayari: UTI. Ikirudi, inaitwa UTI sugu. Nilikwenda duka la dawa nikapewa sipro, antibiotiki. Baada ya wiki mbili muwasho ukaja na nguvu mpya. Nikapewa amoksilini, antibiotiki nyingine. Baadaye sindano. Daftari langu lina kurasa nne za dawa, na katika kurasa zote hizo hakuna mstari unaosema kwamba mtu yeyote alinichukua kipimo ukeni akatazama kuna nini.

Kilichokuwa kikitokea nimekielewa mwaka huu. Ukeni kuna bakteria wanaoishi humo siku zote, wanatengeneza asidi na kusaidia kuwazuia wengine wasizidi. Fangasi nao wapo humo humo: katika wanawake 100, kati ya 10 na 20 wanao na hawaumwi chochote. Antibiotiki inaua bakteria, wabaya na wale wa ulinzi pamoja. Fangasi haiwagusi, kwa sababu wao si bakteria. Basi kila dozi niliyomeza kwa ajili ya UTI ambayo sikuwa nayo iliwaachia uwanja. Hela ya maandazi ninayouza Kibirizi alfajiri nilikuwa naipeleka dukani kununua kilichozidi kuniumiza. Hili bado linanichoma.

Nilipochoka na vidonge nikageukia ushauri wa wanawake wenzangu, na walinishauri kwa upendo, siwalaumu. Mmoja akasema shabu. Mwingine akasema kitunguu saumu kifungwe kwenye kitambaa. Jirani akanipa sabuni ya mawese nijisafishe mpaka ndani, nami nikaamini, kwa kuwa sabuni hiyo ndiyo tuliyoogeshwa tangu watoto. Kila kimoja kiliniunguza. Kule ndani hakuhitaji sabuni wala shabu. Panajisafisha penyewe, na ukipasugua unawaondoa wale wale bakteria wa ulinzi. Maji matupu kwa nje yanatosha. Mwingine aliniletea vidonge vya griseofulvini alivyobakiza mtoto wake alipotibiwa mapunye, akisema fangasi ni fangasi. Sivyo. Fangasi wa mapunye na wa vidole vya miguu ni jamii nyingine, na griseofulvini haiwaui hawa wa ukeni hata ukimeza mwaka mzima.

Wapo pia walioniambia niache maandazi kwa sababu ya hamira. Hamira na hawa fangasi ni ndugu wa mbali, kweli, lakini hamira ya kwenye unga ni aina nyingine, tena inakufa kwenye mafuta ya moto. Sikuacha kazi yangu, nashukuru.

Sasa la mume wangu. Yeye ni mvuvi wa dagaa. Giza likiingia yuko ziwani, mbalamwezi ikitoka yuko nyumbani. Siku za mbalamwezi zikawa siku za mimi kutafuta visingizio. Usiku mmoja akaniuliza taratibu, bila kupaza sauti, "Mama Zuhura, huo ugonjwa umeutoa wapi?" Nilikosa jibu. Nililia mpaka alfajiri, na nadhani hata yeye hakulala. Laiti ningejua wakati ule ninachojua leo, ningemwambia: fangasi hawa hawahesabiwi katika magonjwa ya zinaa. Mwanamke anaweza kuwapata hata kama hajawahi kukutana na mwanamume. Wanaume wachache hupata vipele na muwasho baada ya tendo, na hao hutibiwa, lakini mume asiye na dalili hana haja ya kumezeshwa dawa. Nilikuja kumweleza baadaye, tukiwa tumekaa kizingitini. Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Nisamehe." Nimeliandika hapa kwa sababu najua kuna nyumba zimevunjika kwa swali lile lile.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja wa kike. Kabla ya kuandika dawa aliuliza maswali kama robo saa. Una ujauzito? Kwa sababu mjamzito hapewi vidonge vya kumeza vya flukonazo, dawa ya fangasi, anapewa vya kuweka ukeni. Unatumia uzazi wa mpango wa aina gani? Unameza dawa zinazoshusha kinga, kama baadhi ya zile za pumu? Umepima sukari? Umepima VVU? Nilipima vyote, nikawa sina. Akauliza umeumwa mara ngapi ndani ya miezi 12. Nikahesabu mara tano. Akasema kuanzia mara 3 tayari ni wa kujirudia, na hapo kidonge kimoja cha kununua dukani hakitoshi.

Kisha akachukua kipimo. Kwanza karatasi ya kupima asidi: kwa fangasi asidi kwa kawaida haibadiliki, namba yake (pH) iko chini ya 4.5. Namba ikizidi hapo, yaani asidi imepungua, na kukawa na harufu kama ya samaki, anafikiria bakteria waliozidi, ambao dawa yao ni tofauti kabisa. Halafu uchafu ukawekwa kwenye kioo, wakadondoshea dawa inayoyeyusha chembe za mwili na kuwaacha fangasi. Dada wa maabara aliniruhusu nitazame kwenye hadubini. Niliona nyuzi nyembamba zenye matawi, na vipunje vimechipuka pembeni. Miaka miwili ya mateso, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nakutana nayo uso kwa uso. Machozi yalinitoka pale pale, na yule dada alinishika bega.

Sampuli yangu ilioteshwa pia, ili wajue ni aina gani. Mara nyingi, karibu 9 katika 10, ni Candida albicans, na ndiyo niliyokutwa nayo. Kuna nyingine, Candida glabrata, ambayo haitoi nyuzi hizo, kwa hiyo kwenye hadubini ni rahisi kumpita, na flukonazo mara nyingi haimtoshi. Kuna krusei, ambaye flukonazo haimwezi tangu asili. Ndiyo maana neno "sugu" linanikera sasa. Mmoja anaitwa sugu kumbe hana fangasi kabisa, mwingine ana aina isiyosikia dawa aliyopewa, mwingine ana sukari, na mwingine, kama mimi, analishwa antibiotiki kila mwezi. Wote tunaambiwa neno lile lile na kupewa kidonge kile kile.

Mimi nilipewa flukonazo ya miligramu 150: siku ya kwanza, ya nne na ya saba, kisha kimoja kila wiki kwa miezi 6. Muwasho ulikatika wiki ile ile ya kwanza. Nilizoendelea kumeza ni za kuwazuia wasijirundike tena.

Mambo haya ndiyo yaliyonifungua macho kwa shangazi. Ana zaidi ya miaka 60, anaishi Ujiji, na mwezi uliopita nilimwona anakaa kwa kujisogeza sogeza. Aliona haya sana kusema. Nikaanza mimi kumsimulia ya kwangu, ndipo akafunguka: anawashwa, chini ya matiti na kwenye mapaja ngozi nyekundu, usiku anaamka kukojoa mara nne. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hedhi ikishakoma fangasi wa ukeni hupungua, kwa hiyo akiwapata mtu mzima, sukari ipimwe haraka. Nikamwambia, "Shangazi, twende tukapime." Sukari ilikuwa juu. Alikuwa ametumia mafuta ya kupaka tangu mwezi wa Ramadhani.

Daktari hakunificha kwamba baada ya kuacha dawa, wanawake 3 hadi 5 katika 10 hurudiwa. Naogopa. Nikiwashwa tena sitapita duka la dawa, nitarudi kupimwa.

Kesho nawahi kukanda unga saa tisa usiku, nimalize kuuza mapema. Saa mbili asubuhi bajaji inanipitia, tunamchukua shangazi Ujiji tumpeleke kliniki ya sukari. Amenituma nimtafutie kanga isiyobana.