Siku yangu ya Janmashtami: nafungua duka tumbo tupu, nasubiri mtoto azaliwe saa sita usiku

Saa kumi na moja alfajiri

Kinachoniamsha ni kikengele cha Ba, alamu ya simu bado kabisa. Ba ni bibi yangu mzaa baba, tunakaa nae ghorofani Kisutu, Dar es Salaam, na kila alfajiri anamwamsha Lalji, yaani Krishna, Mungu wetu sisi Wahindu, akiwa mtoto, kisanamu cha shaba cha kutosha kiganjani, anatambaa na mkono mmoja kashika donge la siagi. Anamwogesha, anambadilisha nguo, anampa maziwa, afu anamwashia feni. Ndiyo, feni. Ni ya kwake peke yake, siku moja niliigeuza kidogo tu upande wangu nikasikia "dikra (mwanangu), rudisha ilipokuwa, mtoto anatoka jasho."

Leo ni Janmashtami, siku aliyozaliwa. Ba hali kitu mpaka usiku wa manane, ni maji na maziwa kidogo basi. Mimi nafunga ile ya wavivu, nakula vya farali tu, maana yake hakuna mchele, ngano, mahindi, maharage wala dengu, na chumvi ni ya mawe sio ile ya pakti. Vitunguu na vitunguu saumu ndo usiseme. Na jana ilikuwa Shitla Satam, sisi Wagujarati siku hiyo jiko haliwashwi, unakula baridi kilichopikwa juzi, kwahiyo hata jana nilishindia thepla, zile chapati za viungo, na mtindi. Naingia kwenye mfungo tayari nina hamu ya kitu cha moto.

Saa mbili asubuhi

Nafungua duka. Tunauza khanga na vitenge kwa jumla Mtaa wa Uhuru, na Janmashtami sio sikukuu ya serikali, wateja wa mikoani wameshuka kwenye basi toka usiku wanataka mzigo wao. Kijana wetu wa dukani ananiuliza mbona yule Mhindi wa duka la vyombo hayupo kwenye mfungo leo, kafunga jana? Nikacheka. Nikamwambia ni kama nyie mnavyobishana mwezi umeandama au bado, umeonekana Saudia au mpaka tuuone hapa hapa. Sikukuu yetu inafuata mwezi, ni siku ya nane ya nusu ile mwezi unapopungua, inaangukia Agosti au Septemba, sasa hiyo siku ya nane inaweza kuanza katikati ya siku ya kalenda ya kawaida. Wengine wanaangalia usiku wa manane ulikuwa wa siku ipi, sisi Wavaishnava, yaani watu wa Vishnu na Krishna, tunaangalia zaidi jua limechomoza ikiwa siku ipi. Ndo hivyo mwaka mwingine mtaa mmoja una Janmashtami mbili. Kijana akasema afadhali, alidhani ni sisi tu wenye hiyo shida.

Saa nne

Hapa ndo nilipoharibu. Mama anayetuletea chai alipita na vitumbua kama kila siku, vimetoka motoni, nami nilikuwa nabishana kwenye simu na mteja wa Tanga kuhusu korija mbili za khanga ambazo anasema rangi sio alizochagua, mkono ukaenda wenyewe. Nimetafuna kabisa ndo nakumbuka. Kitumbua ni mchele! Nilikimbia nyuma nikatema nikasukutua mara tatu, nikampigia Ba huku karibu nalia.

Ba akanyamaza kidogo afu akacheka mpaka akakohoa. "Wewe unamfungia nani? Unamfungia mwizi wa siagi." Maana huyu Krishna utoto wake mzima pale Gokul, kijiji alicholelewa, ni kesi za wizi, akina mama wanatundika vyungu vya siagi juu darini, yeye na wenzake wanapandiana mabegani wanavitoboa, na kesi ikifika kwa mama yake mlezi Yashoda anakana mdomo umejaa. "Atakuelewa kuliko mimi," Ba akasema, "endelea na mfungo wako na usimpe mteja punguzo kwa sababu ya njaa."

Punguzo nilikuwa nimeshatoa.

Saa saba mchana

Chakula changu ni muhogo wa kuchemsha uliokaangwa kidogo na karanga, pilipili na ndimu. Hii kitu tunaita mogo na nakuambia hakuna Mgujarati wa Afrika Mashariki asiyeijua, wenzetu wa kule Gujarat siku za mfungo wanakula sabudana, zile punje nyeupe kama shanga, ambazo nazo zinatokana na muhogo, sasa sisi tunao muhogo wenyewe tuzunguke ya nini.

Mzee wetu wa mizigo akaja kukaa kivulini. Nilimpa shikamoo, nikampa na mogo. Yupo na sisi toka enzi za marehemu baba na kila mwaka ana swali. La mwaka huu: "Mwanangu, hivi Mungu wenu anakuwaje mtoto?"

Nikaanza na hadithi kwanza, kuwa kulikuwa na mfalme dhalimu Mathura anaitwa Kamsa, kaambiwa mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndo atakayemuua, akamfunga gerezani huyo dada na mumewe Vasudeva na watoto waliozaliwa akawa anawaua. Wa nane akazaliwa usiku wa manane mvua inanyesha, minyororo ikafunguka, walinzi wakalala, baba akambeba kichwani kwenye ungo akavuka nao mto Yamuna mpaka Gokul kwa wafuga ng'ombe, akamlaza kwa Yashoda. Mzee akasema hii ya kuuliwa watoto na mto anaijua, kwao iko ya Musa na Firauni. Nikasema haya, basi tumeelewana.

Lakini swali lake halikuwa hilo. Alitaka kujua unamwombaje mtoto. Na mimi kusema ukweli nimekua na hili jambo bila kulifikiria, nikamjibu nilivyoona kwa Ba, kwamba mtoto humwombi. Mtoto unamuuliza amelala vizuri, ameshiba, nguo haimbani? Watu wa njia yetu, Pushtimarg, wanamfuata Vallabhacharya aliyeishi 1479 mpaka 1531, na yeye alifundisha kuwa kinachokufikisha ni neema ya Krishna, juhudi zako ni ndogo, kazi yako wewe ni kumtumikia kwa mapenzi, tunaita seva. Ndo maana mandir zetu, yaani mahekalu, za njia hii zinaitwa haveli, nyumba kubwa, ni nyumbani kwa mtoto, na pazia linafunguliwa mara nane kwa siku kufuata ratiba yake ya kuamka, kuvaa, kuchunga ng'ombe, kula, kulala. Akiwa amelala huingii hata uwe na shida gani. Ba ana presha na magoti mabovu na sijawahi kumsikia akimwomba Lalji magoti, anachomwambia ni kwamba maziwa leo yamechelewa amsamehe.

Mzee alitafuna muhogo wake. "Mungu wa kulea," akasema. Afu akauliza kama umebaki.

Saa kumi na moja jioni

Nimefunga duka mapema, naenda Kariakoo sokoni kutafuta tango lenye kikonyo. Sio la Ba, ni la bhabhi (shemeji, ndo tunavyomwita) jirani, kwao kaskazini mwa India upande wa Mathura. Wao usiku wa manane wanakata kile kikonyo, ndo kitovu cha mtoto. Nimezungushwa meza nne. Muuzaji mmoja kaniambia "dada, mkia wa tango unaenda kuufanyia nini?" nikamwambia kuna mtoto anazaliwa leo, akaniongezea matango mawili bure, hongera, wa kike au wa kiume?

Saa tatu usiku

Mandir imejaa, viatu nje vimepandana, kibembea kimepambwa maua na wimbo haukatiki. Nilikaa kidogo tu maana Ba ngazi haziwezi tena, na mtoto wa nyumbani nae anahitaji watu.

Nyumbani kunanuka samli. Ba kaandaa panjiri, unga wa dhania uliokaangwa na samli, nazi, sukari na tangawizi kavu. Ni chakula cha mzazi, kama huku mzazi anavyopewa uji wa pilipili manga, tena tunakula wote kana kwamba wote tumejifungua. Pembeni siagi na sukari mawe, na majani ya tulsi, aina ya mrehani, aliyochuma asubuhi, maana bila jani la tulsi Krishna hapokei chakula.

Saa sita usiku

Ba kazima taa. Tumekaa gizani mimi, yeye, bhabhi na watoto wake wawili wanaosinzia, hakuna anayesema kitu, na tumbo langu linaunguruma mpaka mtoto mmoja akacheka. Afu saa ikafika, Ba akapiga kengele, taa zikawaka, bhabhi akakata kikonyo, tukamwogesha kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, tukamfuta, akavishwa nguo mpya ya njano isiyozidi kidole changu, akalazwa kwenye kibembea na kila mtu akavuta kamba kwa zamu. Huko mitaani kengele za mandir zinalia zote kwa pamoja. Dirishani mwezi nusu ndo unachomoza nyuma ya maghorofa, wa siku ya nane huwa unatoka muda huu huu.

Nimekula panjiri vijiko vinne bila kupumua. Kesho saa mbili duka, na korija za Tanga zinarudi.

Kabla ya kulala nikaenda kuwasha feni ya Lalji kama kawaida, Ba akanipiga kofi la mkono.

"Zima. Ndo kwanza kazaliwa, atapata mafua."