Bia ilipopanda bei nilihamia mangweni

Kila ushuru wa pombe ukipandishwa nasikia watu wakisema aah sasa walevi watakoma. Mi nacheka tu, manake mimi bei ilinibadilisha kinywaji, kunywa ikabaki palepale.

Naendesha tuktuk hapa Malindi, nakaa Maweni. Kaskazi ikivuma na Waitaliano wamejaa mjini nilikuwa mtu wa bia ya chupa, tena baridi, kusi ikiingia hoteli nyingine zafunga na mfuko wakauka, nashuka kwa keg, bia ya pipa. Ile keg ilikuwa rahisi kwa sababu serikali iliipunguzia ushuru kuanzia 2004 ili watu waache chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, halafu 2013 wakaitia ushuru wa asilimia 50, bei ikaruka na baa yetu ikabaki viti. Ungedhani tumeokoka. Wapi! Tulikuwa mangweni wote, kule kunakouzwa tembo la mnazi, na wengine wakapitiliza hadi chang'aa. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua watu wengi huko Embu na Kitui, 2015 keg ikapunguziwa ushuru tena, lakini mi nilikuwa nishazoea mboko ya mnazi, sikurudi.

Mnazi hauna mambo ya ushuru. Mgema ashusha asubuhi, mtamu, ukikaa mpaka jioni ushakuwa mkali, na hela ya bia moja mnapiga mrija watu wawili mpaka mnasahau njia ya nyumbani. Na kuna daftari. Hapo ndipo nilipoumia kabisa, kwa sababu ukinywa kwa deni bei huisikii, hata wakiipandisha mara mbili wewe wasema tu mama niandikie. Siku nimeshindwa na hesabu ya tajiri, mwenye tuktuk, siku ya tatu mfululizo, nikaomba nionyeshwe ukurasa wangu. Deni lilikuwa limepita kodi ya nyumba, na kinywaji chenyewe ndicho cha rahisi!

Sikuacha, nisidanganye. Nilijipandishia bei mwenyewe: bia ya chupa peke yake, pesa mkononi, Jumamosi tu. Siku nyingine nikishatoa hesabu ya tajiri, mafuta na hela ya unga na samaki, kinachobaki nakitupa kwenye lock ya M-Shwari, akiba ya kufungia pesa kwenye simu, kabla sijaiegesha tuktuk, ile huwezi kuitoa papo hapo hata kiu ikikushika vipi, na bila hela wala daftari utaenda mangweni kufanya nini, kuangalia wenzako?

Wiki ya kwanza mikono ilitetemeka na usingizi ukapotea, nikaenda hospitali, daktari akanigombeza, kumbe mtu aliyezoea kila siku hafai kukata ghafla bila kuangaliwa na daktari, yaweza hata kumuua. Nilikuwa sijui, nilidhani ni malaria.

Deni nililipa kidogo kidogo, miezi mitano. Jumamosi iliyopita nikapeleka kipande cha mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu siku hizi tajiri eh, wanywa vya chupa tu?"

"La mama, ni vile bei yako siiwezi."

Akacheka mpaka leso ikamteleza, akachana ule ukurasa akanipa.