Nionyeshe swali kwanza

Kila ripoti ya maoni ya wananchi ikitoka, makundi yetu ya WhatsApp yanawaka moto. Asilimia kadhaa wanamkubali kiongozi fulani, asilimia kadhaa hawaridhiki na hali ya maisha, basi, huyu anashangilia, yule anasema namba zimepikwa. Na hakosekani wa kuuliza: watu 2,400 wanatusemeaje Watanzania zaidi ya milioni 60, mbona mimi sijawahi kuulizwa? Mimi ni mdadisi, wale mnaotuona tukipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na kwenye mabishano hayo natamani atokee japo mtu mmoja aulize: swali lenyewe lilisomwaje?

Idadi siyo ugonjwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili, na mtafiti wa maoni George Gallup, aliyewauliza watu wachache mno ukilinganisha na wale, alikuwa amemtabiri mshindi kwa usahihi. Jarida liliwatafuta watu kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na kati ya hao wakajibu waliojisikia kujibu. Watu 2,400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya haki wanatosha, mradi ukubali kwamba jibu linaweza kuwa juu au chini kwa asilimia mbili hivi. Hilo tuliache, twende mlangoni.

Kuna swali ambalo Afrobarometer, mtandao wa watafiti wanaopima maoni ya wananchi, wamelipitisha katika nchi nyingi za Afrika. Mhojiwa anasomewa kauli mbili achague iliyo karibu na mtazamo wake. Kwa maneno yangu, ya kwanza inasema ni muhimu zaidi kuwa na serikali inayofanya mambo yaende, hata kama sisi wananchi hatuna usemi juu ya inachokifanya. Ya pili inasema ni muhimu zaidi wananchi waweze kuiwajibisha serikali, hata kama maamuzi yatachelewa. Akishachagua, anaulizwa tena: unakubaliana nayo, au unakubaliana nayo sana?

Nimewahi kumsomea swali la namna hii mzee mmoja wilayani Kilosa, akiwa anapukuchua mahindi barazani. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, akaniambia nikae kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Rudia, binti yangu."

Nikarudia neno kwa neno, maana kufafanua hairuhusiwi.

"Sasa sikiliza. Bomba la maji hapa tumelisubiri mpaka tumechoka, na hela yake tunaambiwa ilishatoka. Mimi nataka maji yaje, na nataka nijue nani kala hela. Weka zote mbili."

"Babu, hapa natakiwa kuweka moja."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ndivyo dodoso lilivyo. Kwenye kishikwambi kuna chaguo la "hakubaliani na yoyote" na la "hajui", yote yameandikiwa maelekezo kwamba mdadisi asiyasome kwa sauti. "Zote mbili" haimo. Mzee akapukuchua gunzi zima bila kusema kitu.

"Haya, weka maji."

Nikabonyeza kauli ya kwanza. Kwenye jedwali mzee huyo anahesabika kati ya wananchi wanaotaka serikali ya kutenda hata kama wao hawana usemi. Hakusema hivyo. Alisema anataka maji.

Simlaumu aliyetunga swali, kwa sababu najua kwa nini alilibana hivyo. Ukimuuliza mtu, "Je, unapenda serikali iwajibike kwa wananchi?" utaambiwa ndiyo kila nyumba. Ukigeuza ukauliza, "Je, ni sawa serikali ifanye kazi bila kusumbuliwa?" nyumba nyingi pia utaambiwa ndiyo. Kwetu mgeni aliyekuja na daftari hapingwi hovyo. Anakaribishwa, anapewa maji ya kunywa, na akisema jambo anaitikiwa. Kauli mbili zinazokinzana zinamlazimisha mwenyeji aache kuitikia na apime. Faida hiyo ipo kweli, nimeiona. Ila ina gharama yake, na gharama yenyewe ndiyo yule mzee.

Mambo haya yamepimwa siku nyingi. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani. Kundi moja liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi jingine linalofanana na hilo likaulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo. Waliosema ndiyo, ipige marufuku, walikuwa asilimia 46. Jambo ni lilelile. Kupiga marufuku kunasikika kwa ukali, na watu wakasita. Miaka michache baadaye, mwaka 1948, Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari wa Kisovieti waruhusiwe kuja kwao kuripoti. Swali hilo likiulizwa la kwanza, waliokubali walikuwa kama theluthi moja tu. Likitanguliwa na swali kama waandishi wa Marekani waruhusiwe kwenda Urusi, waliokubali walikaribia robo tatu, maana mtu akishadai haki kwa ajili ya wa kwake, anaona aibu kumnyima wa upande wa pili.

Lakini mfano ninaoufikiria kuliko yote ni wa hapa nyumbani, Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikawaulize wananchi: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni. Asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mpaka leo vijiweni utasikia kwamba Watanzania walikataa vyama vingi wakabebeshwa kwa nguvu, au kwamba wachache walisikilizwa kuliko wengi. Mimi nikiangalia kwa jicho la kazi yangu naona mambo mawili. Kwanza, wengi wa wale asilimia 77.2 hawakuishia kwenye "chama kimoja kiendelee". Waliongeza "lakini", wakataja mabadiliko wanayoyataka ndani ya chama na serikali. Ukichukua hizo "lakini" ukaziunganisha na wale asilimia 21.5, picha ya nchi iliyoridhika inayeyuka. Tume iliwasikia mpaka mwisho wa sentensi zao. Sisi tumebaki na namba tu.

Pili, angalia mazingira. Maoni mengi yalitolewa kwenye mikutano ya hadhara. Ni kijiji cha mwaka 1991, mwenyekiti wa kijiji ni wa chama hichohicho, mjumbe wa nyumba kumi amekaa mbele, na wewe usimame useme unataka vyama vingine. Asilimia 21.5 waliosema hivyo waziwazi kwangu mimi ni wengi sana. Na waliokaa kimya, au ambao hawakwenda kabisa mkutanoni, hawamo kwenye hesabu.

Ndiyo maana swali ninaloliheshimu kuliko yote katika dodoso la Afrobarometer ni lile linaloulizwa mwishoni, mahojiano yakiwa yamekwisha: unadhani nani ametutuma kuja kufanya mahojiano haya?

Mwanzoni tunajitambulisha vizuri kabisa. Tunasema sisi siyo wa serikali, siyo wa chama chochote, majibu ni siri, umechaguliwa kwa bahati nasibu. Lakini fikiria tulivyofika. Tunabeba barua ya utambulisho ya mkoa, tukapata ya wilaya, tukaripoti kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, na mara nyingi mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi anatusindikiza mpaka uani. Ukimuuliza mama aliyemwona mwenyekiti akikuonyesha mlango wake kwamba nani kakutuma, atakwambia serikali. Wahojiwa wengi, na siyo Tanzania tu, hujibu hivyo. Tena watafiti waliozichambua takwimu hizi wamekuta kwamba, kwa jumla, anayedhani umetumwa na serikali husema ana imani zaidi na viongozi kuliko anayedhani umetoka taasisi huru, hasa kwenye nchi ambako kusema kunaweza kukuponza.

Kwa hiyo mtu akinionyesha asilimia kubwa ya imani kwa rais, popote Afrika, siiiti uongo. Namuuliza kwanza wangapi walidhani rais ndiye aliyeuliza.

Julai 2018 Twaweza, shirika lisilo la kiserikali, walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti unaofanywa kwa simu Tanzania Bara. Waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, na 55 mwaka ule wa 2018. Pale ndipo tulipotakiwa kulijadili swali. Mjadala ukahamia kwenye kibali: COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, waliwaandikia Twaweza kuhusu idhini ya utafiti, Septemba Bunge likaikaza Sheria ya Takwimu, inayosimamia utoaji wa takwimu, mwaka 2019 ikalegezwa tena. Iliniuma wakati ule na inaniuma bado. Mtu anayejibu kwa tahadhari hujibu kwa kupandisha. Swali likirudiwa mwaka hadi mwaka, na tahadhari ya watu ikiwa palepale au imeongezeka, mteremko huo unaeleza zaidi ya namba yoyote moja kati ya zile tatu. Nilitamani wananchi waelezwe hilo kwa utulivu, bila kutishana.

Kenya wana sheria ya mwaka 2012 juu ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Mchapishaji anatakiwa kumtaja aliyelipia utafiti, ukubwa wa sampuli na kiwango cha makosa, na siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi haruhusiwi kuchapisha. Haikuwazuia kukosea: mwaka 2022 makampuni makubwa yalimweka Raila mbele, William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Hata hivyo msomaji wa Nairobi alikuwa na cha kushika alipotaka kudai maelezo.

Sisi tuanze hata bila sheria. Mhariri anayeandika "wananchi wanataka" aweke chini yake swali zima kama lilivyosomwa, na chaguo zote, zikiwemo zile ambazo mdadisi alikatazwa kuzisoma. Waliosema "sijui" na waliokataa kujibu waachwe na asilimia yao. Mimi ninayezisikia hizo "sijui" najua zimo za watu wasiofuatilia siasa, na zimo za watu wanaojua vizuri sana na wanamwangalia mwenyekiti aliyesimama pembeni. Na jibu la "nani ametutuma" litolewe pamoja na matokeo mengine, pale juu, siyo kufichwa.

Ripoti nyingi za namna hii zinaliweka dodoso kurasa za nyuma kabisa, zile ambazo hakuna anayezipiga picha kuzirusha kwenye kundi. Ikitoka nyingine, anzeni kusoma huko.